Msiache Mwaka Upite: Haki za Mwanajeshi wa Zamani na Jamaa Zake

Hotuba kwa familia za wanajeshi wa zamani wazungumzao Kiswahili nchini Marekani



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya namna ya kuifikia haki ambayo mwanajeshi wa zamani amekwisha kuitolea jasho, na namna ya kuilinda isiliwe na watu wajanja wala na kalenda. Kazi ya idara yetu ni kumlinda mnunuzi wa bidhaa na mtumiaji wa huduma. Huenda mtu akauliza mafao ya jeshi yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kwa sababu palipo na fedha, na fomu zisizoeleweka, hatakosekana mtu wa kuuza kile ambacho serikali hukitoa bure.

Mama mmoja alifika mezani kwetu akiwa na mkoba wa plastiki uliojaa karatasi. Mumewe alitumikia jeshi kwa miaka kadhaa baada ya mwaka 2001, na sehemu ya utumishi wake ilikuwa nchini Djibouti. Alirudi, akafanya kazi, akaanza kukohoa, na mwishowe akaambiwa ana saratani ya mapafu. Alikuwa amekwisha kuwasilisha dai la fidia ya ulemavu, lakini alifariki kabla ya kupata jibu.

Baada ya mazishi mama huyo alipewa shauri tatu. Jirani alimwambia kuwa dai limekufa pamoja na mwenyewe. Kampuni moja ilimpigia simu ikaahidi kumshughulikia, kwa malipo ya fedha za miezi mitano atakazopata. Na jamaa wa marehemu, kwa nia njema kabisa, walimwambia asubiri: arobaini ipite, mwaka uishe, ndipo mambo ya fedha yazungumzwe. Shauri la kwanza lilikuwa kosa. La pili lilikuwa kinyume cha sheria. La tatu lilitoka katika adabu zetu njema, lakini ndilo lililokaribia kumgharimu zaidi kuliko yote, maana alipofika kwetu ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu kifo.

Yote tutakayoyasema leo yanatokana na mkoba ule.

Tarehe ina thamani ya fedha

Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, ambayo wengi wetu tunaiita VA, huanza kuhesabu malipo mara nyingi kutokana na siku ilipopokea dai, wala si siku ugonjwa ulipoanza. Kwa hiyo mtu asiye tayari na ushahidi wake wote asikae kimya. Na aijaze fomu namba 21-0966, ambayo ni taarifa ya nia ya kudai, au aitoe taarifa hiyo kwa simu 1-800-827-1000. Taarifa hiyo humhifadhia tarehe yake kwa mwaka mmoja, wakati anakusanya nyaraka. Dai lenyewe la fidia ya ulemavu hujazwa katika fomu namba 21-526EZ. Dai likikamilika ndani ya mwaka huo na kukubaliwa, malipo yanaweza kurudi nyuma hadi siku ya taarifa.

Kwa wafiwa, mwaka mmoja ni mpaka mkubwa zaidi. Mjane, mgane au mtoto anayestahili fidia ya wafiwa huiomba kwa fomu namba 21P-534EZ. Ombi likipokelewa ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, fidia huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi ambao marehemu alifariki. Likichelewa, kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa, na miezi iliyotangulia hupotea.

Ama dai ambalo marehemu aliliacha njiani, halifi naye. Mtu wa familia anayestahili anaweza kuomba kusimama mahali pake na kuliendeleza, kwa fomu namba 21P-0847. Ombi hilo nalo lina mpaka wa mwaka mmoja tangu kifo.

Hatumwambii mtu aache kuomboleza. Eda ina heshima yake, na arobaini ina heshima yake. Twaomba tu kwamba, wakati mfiwa amekaa ndani, mmoja wa jamaa apewe kazi ya kuihesabu miezi na kutafuta msaada. Kumtunza mfiwa si kupika na kukesha naye peke yake. Ni pamoja na kumlindia tarehe zake.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Karatasi ya kwanza kuliko zote ni hati ya kuachishwa utumishi, iitwayo DD 214. Humo mna miaka ya utumishi, kazi aliyoifanya mwanajeshi, nishani zake na namna alivyoachishwa. Iliyopotea huombwa bila malipo katika Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi kilichoko St. Louis, kwa fomu ya SF-180 au kwa njia ya intaneti. Mzee aliyetumikia zamani asishangae akiambiwa faili lake halipo. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza kituoni hapo mafaili kati ya milioni 16 na 18 ya jeshi la nchi kavu na la anga. Upotevu huo haulimalizi dai. Rekodi za malipo, barua, picha na maelezo ya askari wenzake huweza kusaidia kujenga upya habari zake.

Karatasi za pili ni za familia: vyeti vya ndoa, vya talaka za ndoa zilizotangulia, vya kuzaliwa watoto na cha kifo. Hapa familia zetu zina mambo ya pekee. Ndoa iliyofungwa Kisumu, Tanga au Lubumbashi, iwe ya kanisani, ya msikitini au ya kimila, haikataliwi kwa kuwa haikufungwa Marekani. VA huangalia kama ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya mahali wahusika walipokuwa wakiishi walipooana, au walipokuwa wakiishi haki ya kudai ilipozaliwa. Kwa hiyo tafuteni mapema ushahidi wa uhalali huo, na hati isiyo ya Kiingereza ipatieni tafsiri iliyothibitishwa. Ni rahisi kumwendea shehe, padri au msajili angali hai na daftari lake lingalipo.

Mwanajeshi aliyepewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 30 au zaidi anaweza kupata nyongeza kwa ajili ya wategemezi wake, kwa fomu namba 21-686c. Mke, mume na watoto huhesabiwa. Wazazi wanaomtegemea kwa riziki nao wanaweza kuombewa, kwa fomu yao wenyewe na kwa ushahidi wa mapato yao. Ndoa mpya au mtoto mpya aandikishwe ndani ya mwaka mmoja, maana hapo pia kuchelewa hupunguza fedha. Na talaka au kifo cha mtegemezi kiarifiwe upesi, kwani kilicholipwa kwa makosa hudaiwa kirudi.

Karatasi za tatu ni za afya. Dai la ulemavu husimama juu ya mafiga matatu: ugonjwa au jeraha lililopo sasa, tukio au hali iliyotokea katika utumishi, na maelezo ya kitabibu yanayoviunganisha hivyo viwili. Figa moja likikosekana, chungu huanguka. Lakini kwa maradhi fulani sheria yenyewe hutoa lile figa la tatu. Sheria iitwayo PACT, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, iliongeza maradhi zaidi ya 20 yanayodhaniwa kutokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyinginezo. Saratani za mfumo wa kupumua zimo. Katika nchi zinazohusika zimo Iraq, Kuwait, Oman na Somalia kwa waliotumikia huko kuanzia tarehe 2 Agosti 1990, na Afghanistan, Yemen na Djibouti kuanzia tarehe 11 Septemba 2001. Aliyekataliwa kabla ya sheria hiyo anaweza kudai tena. Mume wa mama yetu alikuwa mmoja wa waliotajwa na sheria hii, ingawa yeye mwenyewe hakupata kuambiwa.

Msiseme "sijambo" mbele ya mchunguzi

Baada ya kudai, mwanajeshi huweza kuitwa kwa uchunguzi wa afya. Asikose kwenda, asipofika bila sababu njema, dai huweza kukataliwa. Na akifika, aweke kando kwa saa moja desturi moja ya lugha yetu. Sisi tukiulizwa hali tunajibu njema, hata aliyelala kitandani hujibu hajambo, ndipo baadaye aeleze kwamba hajalala siku tatu. Hiyo ni adabu. Lakini mchunguzi hayajui mazungumzo yetu; huandika jibu la kwanza na kuendelea mbele.

Basi mwanajeshi aeleze siku zake mbaya kama zilivyo: anaamka mara ngapi usiku, anashindwa kubeba nini, anawakwepa watu gani, kazi gani aliiacha kwa sababu gani. Asizidishe, na asipunguze. Mke au mume aliyeyaona hayo kwa macho yake ana haki ya kuyaandika katika fomu namba 21-10210, nayo huhesabiwa kuwa ushahidi. Askari mwenzake vilevile. Kama Kiingereza cha mwanajeshi hakimtoshi kueleza maumivu yake, aulize habari za mkalimani kabla ya siku yenyewe. Mtoto asifanywe mkalimani wa mambo ambayo baba hawezi kuyasema mbele ya mwanawe.

Kilichopo kwa ajili ya familia

Wengi hudhani mafao ni ya mwanajeshi peke yake. Yatupasa kutaja machache yaliyo ya jamaa zake.

Fidia ya wafiwa hulipwa kila mwezi kwa mwenzi, na kwa watoto wanaostahili, ikiwa mwanajeshi alifariki akiwa kazini katika utumishi halali, au alifariki kwa maradhi yaliyotokana na utumishi. Huweza kulipwa pia ikiwa alikuwa amepewa kiwango cha ulemavu kamili kwa muda uliowekwa na sheria kabla ya kufa, mara nyingi miaka 10. Cheti cha kifo kina uzito mkubwa hapa. Kikitaja moyo kusimama tu, na kikaacha saratani iliyousimamisha, mwombeni daktari aangalie kama kinahitaji kukamilishwa. Maradhi ya utumishi yaliyochangia kifo nayo huhesabiwa. Na mjane aliyeolewa tena tarehe 5 Januari 2021 au baadaye, akiwa na umri wa miaka 55 au zaidi, haipotezi fidia hiyo kwa sababu ya ndoa mpya.

Kwa matibabu, mwenzi na watoto wa mwanajeshi mwenye ulemavu kamili na wa kudumu uliotokana na utumishi, au aliyefariki kwa ulemavu huo, wanaweza kustahili mpango wa CHAMPVA, ikiwa hawamo katika bima ya kijeshi ya TRICARE. Mwanajeshi mwenyewe huomba matibabu ya VA kwa fomu namba 10-10EZ.

Kwa elimu, mpango wa GI Bill wa baada ya Septemba 2001 hutoa hadi miezi 36 ya masomo. Mwanajeshi anaweza kumhamishia mwenzi au mtoto haki hiyo, lakini ombi hufanywa wakati angali katika utumishi. Akisha kutoka, mlango huo umefungwa. Vijana mliovaa sare leo, lisikieni hilo. Kwa watoto na wenzi wa waliofariki kazini kuanzia tarehe 11 Septemba 2001 upo ufadhili uitwao Fry. Kwa jamaa za wenye ulemavu kamili na wa kudumu upo mpango mwingine wa elimu, ujulikanao kwa jina la Sura ya 35.

Kwa mazishi, mwanajeshi anayestahili huzikwa katika makaburi ya taifa bila kulipia kaburi, kuchimbwa na kufunikwa kwake, jiwe wala matunzo ya milele. Mwenzi wake na watoto wanaomtegemea nao wana nafasi, hata wakitangulia kufa. Anayezikwa katika makaburi mengine, hata nje ya Marekani, anaweza kuombewa jiwe la serikali lenye alama ya dini yake, msalaba au mwezi na nyota. Uamuzi wa kustahili kuzikwa katika makaburi ya taifa waweza kuombwa angali hai, kwa fomu namba 40-10007, ili familia isianze kutafuta karatasi huku mwili ukisubiri.

Na kwa moyo uliolemewa, simu ya 988 kisha kubonyeza 1 hupokewa usiku na mchana. Mke anayemhofia mumewe anaweza kuipiga pia. Kutafuta msaada huo si aibu, na mtu hahitaji kuandikishwa VA kwanza.

Nani wa kusaidia, nani wa kuepuka

Sheria ya shirikisho hairuhusu mtu yeyote kutoza malipo kwa kuandaa dai la mwanzo la mafao ya VA. Wawakilishi waliothibitishwa wa vyama kama American Legion, DAV na VFW hufanya kazi hiyo bure, wala si lazima mtu awe mwanachama. Katika majimbo mengi wapo pia maafisa wa kaunti wa wanajeshi wa zamani. Hakikisheni jina la mwakilishi limo katika orodha ya VA ya waliothibitishwa, kisha mteueni kwa fomu namba 21-22. Wakili au wakala aliyethibitishwa anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, kwa mkataba wa maandishi. Ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo hudhaniwa kuwa ya haki. Inayozidi theluthi moja hudhaniwa kuwa si ya haki.

Kwa nini basi kampuni zisizothibitishwa zipo, na hata hutangaza? Kwa sababu adhabu ya jinai ya kosa hilo iliondolewa katika sheria ya shirikisho mwaka 2006. Mlinzi wa kwanza, basi, ni ninyi wenyewe. Mjihadhari na anayeahidi kiwango fulani cha ulemavu. Anayetaka mara tano au sita ya nyongeza ya mwezi. Anayeomba neno la siri la akaunti yenu ya VA au ya benki. Anayewapa fomu tupu mtie saini. Mjihadhari pia na anayetaka kuyanunua malipo yenu ya miezi ijayo kwa fedha za mkupuo mmoja, kwani sheria hairuhusu mafao hayo kuuzwa wala kuwekwa rehani. Asiwavute kwa kuwa anatoka kwenu au anasali nanyi. Mkikutwa na jambo hilo, pigeni simu ya serikali ya kuripoti ulaghai dhidi ya wanajeshi wa zamani, 833-388-7233, au mwarifuni mwanasheria mkuu wa jimbo lenu.

Kukataliwa si mwisho

Barua ya kukataliwa isomwe hadi ukurasa wa mwisho, maana hueleza ni figa lipi lililokosekana. Njia ni tatu: kuleta dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusika, kuomba afisa wa ngazi ya juu alipitie upya, au kukata rufaa katika Bodi ya Rufaa. Ikichukuliwa mojawapo ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, tarehe ya mwanzo hulindwa. Naye aliyeachishwa jeshi kwa namna isiyo ya heshima kamili asijihukumu mwenyewe. VA hupima kila jambo kivyake, na ipo njia ya kuomba namna hiyo ibadilishwe.

Mama yetu alikaa na mwakilishi wa kaunti asubuhi mbili. Cheti cha ndoa kilitumwa kutoka nyumbani na shemeji yake yuleyule aliyemwambia asubiri. Hakuwa amejua habari za mwaka mmoja, na alipojua hakulala. Maombi yote mawili yalipokelewa zikiwa zimebaki siku 9. Uamuzi ulichukua miezi mingi, lakini ulipofika ulihesabu tangu mwezi aliofariki mumewe, na ile kampuni haikupata hata senti.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja la usiku huu. Mkifika nyumbani, mke na mume mkae pamoja, mtoe DD 214 na vyeti mlivyovitaja, mviweke katika bahasha moja, na mtoto mkubwa aonyeshwe mahali ilipo. Ikiwa dai lolote halijaanzwa, kesho pigeni simu ile ya 1-800-827-1000 mtoe taarifa ya nia ya kudai, kisha mwandike juu ya bahasha tarehe mliyopiga na tarehe ambayo mwaka utaisha.